Kumfumania Anayefumua

Pindo lile halikuwa lake.

Mama Pindo alilipitishia kidole cha shahada, kuanzia mshono wa ndani wa mguu wa suruali mpaka mshono wa nje. Akarudia kwa kidole gumba, na kidole gumba nacho kikasema yaleyale. Yeye akipinda suruali, mishono yake hulala upande kidogo na mwisho hupiga fundo moja, basi, maana kwake fundo la pili ni la mtu asiyejiamini. Hili lilikuwa na mishono mifupi, imebanana, na mwishoni mafundo mawili, moja juu ya jingine.

"Safari hii umenishonea vizuri," alisema mwenye suruali, mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri. "Ile ya kijivu pindo lilinifumukia mbele ya darasa. Mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Watoto walicheka mpaka kengele ikalia."

"Nyuzi za siku hizi ni feki," Mama Pindo akamjibu bila kuinua uso.

"Labda. Lakini hii imekaa."

Akalipa, akaenda zake. Mama Pindo akabaki na hela mkononi, hela ya kazi ambayo hakuifanya. Suruali ile aliipinda mwenyewe jana, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nani kaifumua? Na kwa nini mtu afumue kazi ya mwenzake, aishone upya, kisha anyamaze kimya?

Jina lake lilianza kama mzaha. Majirani zake wote walikuwa Mama Fulani kwa watoto wao. Yeye na mumewe waliishi wee, Mungu hakuwajalia, na mteja mmoja mwenye mdomo wake akasema, "Huyu naye kazaa mapindo, tumwite Mama Pindo." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, kwa sababu ukiwahi kucheka mwenyewe haliumi sana. Jina likamganda, na mwishowe akalipenda, maana mtaa mzima hakukuwa na pindo la kushindana na lake. Kwa hiyo aliyemgusia pindo alikuwa kamgusia mwanawe. Hilo ndilo mtu yeyote wa nyumba ile alipaswa kulijua.

Na nyumba ile haikuwa na watu wengi wa kuwashuku.

Ilikuwa vyumba viwili vya kupanga na kibaraza. Chumba cha ndani cha kulala, cha mbele cha cherehani, na sasa hicho cha mbele kilikuwa pia cha Wifi, dada wa mumewe. Wifi alikuja baada ya ndoa yake kuvunjika, na begi moja na ndoo ya vyombo. Alisema amekuja kwa wiki moja. Wiki ikaota mizizi. Alilala kwenye godoro chini ya meza ya kukatia, asubuhi akalikunja, akafagia mabaki ya vitambaa, akachemsha chai. Haulizi, hajibu, hadokoi sukari. Wifi asiye na ubaya! Ulimwona wapi?

"Tena kimya," alisema Msusi, jirani wa mlango wa pili, aliyesuka nywele uani na kusuka maneno papo hapo. "Mimi wifi anayegomba namwelewa. Huyu wako ananyamazia nini?"

"Sijui. Ila hajawahi hata kuomba akalie cherehani yangu."

"Ukiwepo," Msusi akasema, akivuta msuko. "Ukiwepo ndiyo hajaomba."

Neno hilo lilimwingia Mama Pindo likakaa. Akarudi ndani, akaliendea blanketi la vipande lililotandazwa juu ya meza.

Blanketi lile ndilo lililobeba matumaini yote ya nyumba. Mama Gesti, mwenye nyumba ya wageni ya barabarani, alikuwa ameagiza moja la mfano. Juu, vipande vya rangi vilivyounganishwa, katikati, blanketi kuukuu la kutia joto, chini, shuka, na vyote vitatu vishikane kwa mishono ya mkono, mstari kwa mstari, na ukingo mweusi kuzunguka pande zote. "Nikilipenda, utanishonea la kila kitanda," alisema Mama Gesti. "Nisipolipenda, tutabaki kusalimiana tu." Kila kitanda! Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Mama Pindo angepumzika kubadilisha zipu za watu wanaonenepa na kumlaumu yeye.

Akapitisha vidole kwenye pembe aliyoimaliza jana. Mishono mifupi. Mafundo mawili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajisemea. Methali ile ameisikia tangu utotoni, ila hakujua kwamba kuna siku ataikuta imeshonwa kabisa.

Sasa mambo yalianza kujipanga kichwani mwake. Wifi anataka wateja. Anawaonyesha kwa chinichini kwamba mkono wake ni mzuri zaidi, kisha siku moja atasema, "Kumbe hamkujua? Ni mimi." Mtu akishaanza kushuku, hata salamu huona ina bitana ndani.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Wakati ule alikuwa akipaka kuta za kliniki ya macho, na hela aliyoleta nyumbani ilikuwa imepungua. Akiulizwa, anasema bado hawajamlipa yote. Halafu kulikuwa na lile jambo la kumwangalia. Mama Pindo akiinua uso kutoka kwenye cherehani, anamkuta mumewe kamkazia macho, tena machoni kabisa, kisha upesi anageukia dirisha.

"Unaniangalia nini?"

"Ala! Mtu haangalii mkewe?"

"Mwaka wa kwanza, ndiyo."

Mumewe akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi kuliko mzaha wenyewe. Siku za nyuma aliwahi kumwambia ajaribu miwani. Mama Pindo alimrushia rula. Miwani wavae wazee. Yeye sindano anaitunga gizani! Na kweli aliitunga, kwa kulamba uzi na kupapasa tundu, mara ya nne au ya tano, huku akiilaani bulbu kwamba imechoka.

Alasiri moja Mama Pindo alikuwa akirudi kutoka bombani na ndoo ya maji. Nyuma ya nyumba mumewe alikuwa akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, na Wifi akianika nguo. Ukuta ulikuwa kati yao naye. Angepita tu, kama asingelisikia neno.

"Mtoto anakua," mumewe alikuwa akisema. "Nesi anasema wengi wanasubiri akomae, ndipo anatolewa."

"Na hela?"

"Naweka kidogo kidogo. Bado."

"Kaka, mwambie mwenyewe. Akija kujua kwa watu, itakuwa mbaya zaidi."

"Humjui wifi yako? Nikimwambia leo, nyumba hii haikaliki. Hela itimie kwanza. Nitamwambia siku ya kumtoa."

Ndoo ikawa nzito ghafla, mpaka akaiweka chini na maji yakamwagikia miguuni. Mtoto. Nesi. Hela inayowekwa kidogo kidogo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Chozi lilipotoka alilifuta kwa hasira, kana kwamba nalo limetumwa na Wifi.

Akaenda moja kwa moja kwa Msusi.

"Akikomaa ndipo anatolewa?" Msusi akarudia, kitana mdomoni. "Basi ni njiti huyo, shoga yangu. Kazaliwa kabla ya siku zake. Wanawekwa hospitali mpaka wakomae, wakikomaa wanatolewa. Hela ndiyo hiyo ya hospitali."

"Na mama yake?"

"Mama yake atakuja nyuma ya mtoto. Mlango ukifunguliwa kwa mtoto, mama atapita dirishani?"

Mama Pindo akakaa kwenye kigoda. Sasa alielewa yote, au alidhani ameelewa, ambako ni kubaya zaidi. Wifi hamfumui kwa wivu tu. Anajiandaa. Mtoto ataletwa, mama mtu ataletwa, cherehani itakuwa ya Wifi, na yeye Mama Pindo, asiyezaa, atatolewa kabla hata huyo njiti hajakomaa.

"Nitamuuliza leo leo."

"Usimuulize mtu!" Msusi akamshika mkono. "Ukiuliza, watakana. Huyo anayefumua, mfumanie. Ukimshika kwa dogo, na kubwa atalitapika."

Mtego wenyewe aliupanga kifundi. Blanketi lilikuwa limebaki pande mbili za ukingo, ule mweusi. Akachukua uzi mweusi, mmoja tu uliokuwa kwenye kikapu, akashona upande mzima kwa mishono yake mirefu ya kulala upande. Kisha uzi uliobaki akautia mfukoni mwa aproni. Atakayefumua ukingo ule ashone kwa nini? Mweusi haupo. Lazima atafute mwingine, na hapo ndipo atakapojulikana.

Kesho yake asubuhi akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kununua vifungo, na kwamba atachelewa. Akaenda mpaka kona, akasimama kwenye kivuli cha duka la sabuni, akarudi.

Aliusikia wembe kabla hajamwona mtu. Uzi ukikatwa una sauti yake, tik, tik, na fundi huisikia hata sokoni. Wifi alikuwa ameketi chumba cha mbele, karibu na mlango penye mwanga, blanketi magotini, wembe katikati ya vidole, vipande vya uzi vimemwagika kwenye sketi.

"Haa! Nimekufumania!"

Wifi akaruka. Wembe ukaanguka sakafuni. Msusi akatokea mbio, nyuma yake mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Wifi, ngoja nikueleze..."

"Ningoje nini? Ningoje mtoto akomae?"

Rangi ya uso wa Wifi ikabadilika, lakini Mama Pindo hakuiona.

"Nimekupa mahali pa kulala, nimekupa sahani, unanifumua! Mchana unanichemshia chai, nikigeuka unanifumua! Nyoka mkubwa wewe! Ndiyo maana mumeo alikufukuza!"

Hapo hata Msusi akaangalia chini. Wifi alilikunja blanketi polepole, akaliweka juu ya meza, akaingia chini yake na kuanza kulifunga godoro kwa kamba.

Mumewe Mama Pindo alikuwa amesahau brashi yake ndogo. Akaingia na kopo la rangi mkononi, akakuta mlango umejaa watu.

"Kuna nini hapa?"

"Jiulize mwenyewe. Mtoto hajambo? Keshakomaa?"

Mumewe akamtazama dada yake. Wifi akatikisa kichwa. "Sikumwambia, kaka."

"Nimesikia mwenyewe, kwa masikio yangu! Yuko wapi? Yuko hospitali gani? Na mama yake nani?"

Fundi rangi akaweka kopo chini. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na siku hiyo alisema polepole zaidi.

"Yuko jichoni mwako."

"Nini?"

"Mtoto wa jicho, mke wangu. La kulia, na la kushoto limeanza. Nilimweleza nesi wa pale ninapopaka rangi ule ukungu ninaouona machoni mwako, akasema dalili zake ni hizo, nikupeleke upimwe. Nilitaja miwani tu ukanirushia rula. Nikajiuliza, nikitaja kisu cha daktari utanirushia nini? Cherehani?" Akaonyesha chini ya meza. "Dada nilimwomba mimi. Mapindo yalikuwa yanafumuka, wateja wameanza kunung'unika. Nikamwambia, mahali palipoharibika rekebisha, jina la wifi yako lisiharibike."

Mama Pindo akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kuwaita watu wote mashahidi.

"Mnasikia? Leo mimi ni kipofu! Haya, kipofu ametega mtego, ukanasa. Ukingo nimeushona kwa uzi mweusi. Uzi wenyewe huu hapa!" Akauchomoa mfukoni, akaupigisha mezani. "Na huo aliokuwa nao yeye kautoa wapi, kama si mwizi?"

Wifi akatoka chini ya meza. Akauweka uzi wake kando ya ule mwingine. "Nimeununua," alisema tu.

"Mweusi mwingine! Si nilisema?"

"Lakini huo wa kwako si wa blu..." yule mteja wa nusu kichwa akaanza, na Msusi akamfinya.

"Wa nini?" Mama Pindo akauliza.

Msusi akamvuta mteja wake nyuma.

"Wa nini?"

"Wa bluu," mumewe akasema. "Ule wa kushonea sweta za shule. Umeushona kwenye ukingo mweusi, unaonekana kutoka barabarani. Mimi ni fundi rangi. Mengine nimekuficha, lakini kwenye rangi sijawahi kumdanganya mtu."

Mama Pindo akazichukua nyuzi zote mbili. Akatoka nazo kibarazani, akasimama kwenye jua kamili, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto. Akauangalia huu. Akauangalia huu. Akabadilisha mikono, akavileta viganja karibu na pua, akavipeleka mbali.

Zilikuwa nyeusi zote mbili.

Aligeuka akamwangalia Msusi, maana Msusi hajui kuficha jambo, na akamkuta ameshika shavu kama aliyefika msibani. Hapo ndipo alipoogopa. Aliogopa kuliko alivyomwogopa mwanamke wa hospitali na njiti wake, kwa sababu yule angegombana naye. Hiki angegombana nacho wapi? Aliikumbuka suruali ya kijivu ya mwalimu. Alizikumbuka bulbu zote alizozilaani. Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza.

"Miaka yote hii naomba mtoto," alisema mwishowe. "Kumbe nilijibiwa zamani. Ila kakaa pasipo pake."

Msusi akaguna kicheko, akakimeza, akamvuta mteja wake wakarudi uani. Mumewe akakaa kando yake, nguo zake zikinuka rangi, asijue aushike mkono wa mkewe au auache. Akaushika.

"Nesi anasema siku hizi si lazima kusubiri akomae," akasema. "Hilo nililishikilia mimi. Kwa ajili ya hela. Na kwa kukuogopa."

"Ulifanya vizuri kuniogopa," Mama Pindo akamjibu, lakini mkono hakuutoa.

Ndani, kamba ya godoro ilikazwa fundo, na juu yake fundo la pili. Wifi akatokea mlangoni, begi begani.

"Kaka, mimi naenda. Blanketi bado upande mmoja na nusu. Kesho Mama Gesti anakuja. Uzi mweusi ni ule wenye karatasi juu, wifi akiupapasa ataujua."

Hata katika kuondoka alikuwa hana ubaya. Mama Pindo alitamani agombe. Angetukana kidogo tu, wangekuwa sawasawa.

"Wifi," aliita. "Lile neno la mumeo."

"Umelisema."

"Nimelisema. Ungekuwa mshono ningeufumua."

"Hilo ulilipigia mafundo mawili," Wifi akasema, na sauti yake ikakatika katikati, na kwa mara ya kwanza tangu afike nyumba ile alilia, amesimama, begi begani, bila kufuta machozi. Mumewe Mama Pindo alitaka kuinuka. Mkewe akamvuta chini. Hayo hayakuwa yake.

Mama Pindo akaingia ndani mwenyewe, akapita karibu na Wifi bila kumgusa. Akapiga magoti, akapapasa sakafu kwa kiganja, taratibu, kwenye vipande vya uzi na mavumbi, mpaka akaupata wembe. Haukumkata. Akaliteremsha blanketi kutoka mezani, akarudi kibarazani, akalitandaza magotini mwake, nusu nyingine akaiacha kwenye ngazi, mahali pa mtu wa pili. Kisha akaunyoosha wembe hewani, upande ambako kilio kilikuwa kikitoka.

"Fumua."

"Nifumue nini?"

"Yangu yote. Ila kuanzia leo ufumue mbele yangu."

Wifi alisimama sana. Barabarani pikipiki ikapita, mtu akaita mwingine. Hatimaye akatua begi chini. Godoro hakulifungua, hilo liliendelea kukaa pale mlangoni limefungwa kamba, na lingekaa hivyo siku nyingi. Akaketi upande wake wa ngazi, akaupokea wembe, akavuta ukingo karibu.

Tik. Tik.

Mama Pindo alisikiliza kila mshono wake ukikatwa. Alikuwa ameushika upande wa pili wa blanketi kwa mikono miwili.

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza ukingo. Sasa naingia vipande vya ndani. Kile chekundu."

"Chekundu nakiona," Mama Pindo akasema upesi. Akainama, uso ukakaribia kitambaa, akakiwekea kidole katikati kabisa. "Hiki hapa. Chekundu bado nakiona."

"Ndicho hicho, wifi," akasema Wifi, na akaendelea kufumua.